Taa za Nyumbani Zikisumbua: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwita Fundi

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Kilifi, matatizo ya taa majumbani hujitokeza moja baada ya jingine. Taa ya nje inazima nyumba nzima. Balbu ya sebuleni inawaka na kufifia. Swichi ya chumbani inatoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga. Wakazi wengi hubadilisha balbu, na wasipofaulu hubadilisha nyingine. Wengine hupanda juu ya meza wakiwa na bisibisi mkononi, stima ikiwa bado inapita kwenye nyaya.

Hitilafu nyingi za taa ni ndogo, na mwenye nyumba anaweza kujua zilipo bila kufungua chochote. Lakini chache kati yake ni onyo la moto, na katika nyumba iliyoezekwa kwa makuti onyo hilo halipewi muda. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutofautisha aina hizo mbili.

Njia ya stima hadi kwenye balbu

Stima huingia nyumbani kupitia mita, kisha swichi kuu, kisha breka, zile swichi ndogo zilizopangwa ndani ya kisanduku karibu na swichi kuu. Katika nyumba iliyowekwa nyaya ipasavyo, taa zina breka yake, kwa kawaida ya ampea 6 au 10, na nyaya zake zina unene wa milimita 1.5 za mraba. Soketi zina breka nyingine kubwa zaidi na nyaya nene zaidi. Ndiyo maana taa zote zinaweza kuzimika huku friji na televisheni zikiendelea kufanya kazi.

Kutoka kwenye breka, waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, hupita kwanza kwenye swichi ya ukutani kabla ya kufika kwenye holda ya balbu. Waya wa pili, nyutro, huirudisha stima moja kwa moja kutoka kwenye holda bila kupitia swichi. Mpangilio huu ukigeuzwa, taa itawaka na kuzima kama kawaida, lakini holda itabaki na volti 240 hata swichi ikiwa imezimwa. Mtu anayebadilisha balbu akiamini kwamba amezima swichi anaweza kupigwa na stima.

Swali la kwanza: ni nini kingine kimezimika?

Kabla ya kununua balbu mpya, mkazi atazame kilichozimika na kilichobaki kikiwaka.

Ikiwa majirani nao wako gizani, tatizo liko kwenye laini. Taarifa itolewe kwa Kenya Power kupitia nambari 97771 au kwa kupiga *977#.

Ikiwa ni nyumba moja tu iliyozimika, mita itazamwe kwanza. Mara nyingi tokeni zimekwisha. Ikiwa tokeni zipo, mtu atazame kama swichi kuu imeanguka. Mita ambayo kioo chake hakionyeshi chochote pengine haifikiwi na stima, na hilo pia ni la Kenya Power. Muhuri wa mita haukatwi na mtu mwingine yeyote.

Ikiwa taa zote zimezimika lakini soketi zina stima, breka ya taa imejizima.

Ikiwa ni chumba kimoja au viwili vilivyozimika, huenda waya umelegea mahali nyaya zinapounganishwa kuelekea vyumba hivyo.

Ikiwa ni taa moja tu, kuna mambo matatu ya kushuku: balbu, holda au swichi.

Kabla ya kugusa holda au balbu

Swichi kuu izimwe, si swichi ya ukutani pekee. Walio nyumbani waambiwe, ili mtu asije akaiwasha mwenzake akiwa bado juu ya kiti. Balbu iachwe ipoe. Mikono na sakafu ziwe kavu.

Tesita, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, isiaminiwe kupita kiasi. Taa yake haionekani vizuri kwenye mwanga mkali, na tesita mbovu hukaa kimya hata kwenye waya wenye moto. Fundi makini huijaribu kwanza mahali anapojua pana stima, ndipo apime waya anaoushuku, kisha airudishe tena pale pa kwanza kuhakikisha bado inafanya kazi.

Taa moja inapokataa

Jaribio rahisi ni kuchukua balbu inayowaka katika chumba kingine na kuiweka hapo. Ikiwaka, balbu ya awali ndiyo iliyoungua. Isipowaka, swichi kuu izimwe tena, ndipo holda itazamwe kwa tochi. Holda za balbu za kusukuma na kuzungusha zina pini mbili zenye springi. Pini hizo hupoteza nguvu kwa sababu ya joto la miaka mingi na kushindwa kuigusa balbu vizuri. Pini iliyobonyea isirudi, au plastiki iliyogeuka rangi kuwa kahawia au nyeusi, ina maana kwamba holda inahitaji kubadilishwa. Isikwanguliwe wala kupinda ili iendelee kutumika.

Karibu na bahari, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye holda na skrubu, hasa za taa za barazani. Kwa taa za nje zinafaa zile zilizofungwa vizuri zisiingize maji.

Swichi nayo huchakaa. Ikiwa taa huwaka tu swichi inapobonyezwa kwa namna fulani, au swichi inalia, ina joto au imelegea ukutani, sehemu za ndani zimeungua. Kuigonga ili taa iwake ni kuongeza cheche pale pale zinapoanzia.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu usiku baada ya kuzimwa. Balbu hizi huonyesha mwanga kwa stima kidogo mno, ambayo balbu za zamani zisingeionyesha. Ikiwa swichi ina taa ndogo ya kuionyesha gizani, hiyo ndiyo sababu ya kawaida na haina madhara. Ikiwa haina, fundi aombwe ahakikishe kwamba swichi inakata laivu na si nyutro.

Taa zinazowaka na kufifia

Ikiwa ni taa moja inayocheza, tatizo liko kwenye balbu, holda au swichi yake. Ikiwa ni taa za nyumba nzima, kuna muungano uliolegea mahali zinapokutana: kwenye kisanduku cha breka, swichi kuu, mita au laini ya nje.

Waya uliolegea haukati stima kabisa. Stima huruka pengo dogo kwa cheche, na cheche hizo huzalisha joto. Breka ya kawaida haijizimi kwa sababu ya hali hiyo, kwa kuwa kiasi cha stima kinachopita hakijazidi. Kwa hiyo taa inayofifia kila siku si usumbufu wa kuzoeleka. Inawezekana mahali fulani juu ya dari, au katikati ya makuti, kuna muungano unaochemka bila kuonekana.

Miungano inayoharibika mapema ni ile iliyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu. Nyumba nyingi za mashambani zilipata stima kupitia mpango wa Last Mile, ulioanza 2015, baadhi zikiwa na ubao mmoja wenye breka, swichi, holda na soketi. Baadaye mwenye nyumba huvuta waya kutoka kwenye ubao huo hadi jikoni, kisha hadi chumba cha watoto. Nyongeza hizo ndizo za kukaguliwa kwanza. Kazi iliyofanywa vizuri huwa na viunganishi vya skrubu ndani ya kisanduku chenye kifuniko, na nyaya zinazopita kwenye makuti huwekwa ndani ya mabomba.

Breka inayojizima

Breka ikiruka mara moja balbu ya zamani inapoungua, huwashwa tena na mambo huisha. Ikiruka tena, utaratibu ni huu:

1. Swichi zote za taa ndani na nje ya nyumba zizimwe.
2. Breka ya taa iwashwe.
3. Ikikaa, taa ziwashwe moja moja. Ile inayoiangusha breka ndiyo yenye hitilafu. Swichi yake iachwe ikiwa imezimwa hadi fundi afike, na nyingine zinaweza kuendelea kutumika.
4. Ikiruka huku swichi zote zikiwa zimezimwa, tatizo liko kwenye nyaya zenyewe. Iachwe hivyo hivyo. Kuiwasha mara kwa mara huzidisha madhara.

Msimu wa mvua, taa ya kushukiwa kwanza ni ya nje. Maji yakiingia kwenye holda, stima huvuja na kuiangusha RCD, ile breka pana yenye kitufe cha kujaribia. RCD inayotumika majumbani kwa kawaida hukata stima inayovuja ikifika miliampea 30, ili kuokoa maisha. Kitufe chake kibonyezwe angalau mara 2 kwa mwaka. Isipoanguka, haifanyi kazi na inafaa kubadilishwa. Kuiondoa kwa sababu “inasumbua” ni kuondoa kinga ya familia.

Breka ya taa ikiendelea kuruka, wengine huweka kubwa zaidi. Kwenye visanduku vya zamani vya fyuzi, wengine hufunga waya mnene au msumari mahali pa waya wa fyuzi wa ampea 5. Baada ya hapo taa hukaa, lakini nyaya ndizo zinazobeba mzigo, na zikizidiwa hazijizimi. Huungua.

Idadi ya balbu si kisingizio. Balbu 10 za LED za wati 9 ni wati 90 tu, ilhali breka ya ampea 6 hubeba takriban wati 1,440. Breka ya taa ikiruka, karibu kila mara kuna shoti, maji, au kitu kisicho taa kilichounganishwa hapo.

Kitu hicho katika nyumba za kupanga mara nyingi ni pasi iliyochomekwa kwenye soketi ndogo ya kufunga juu ya holda. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5, huku balbu ya LED ikivuta chini ya ampea 0.1. Breka ya ampea 6 haitaruka, kwa sababu kwake mzigo haujazidi. Holda ndiyo itakayoyeyuka.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Swichi kuu izimwe mara moja ikiwa:

- kuna harufu ya plastiki inayoungua, moshi au cheche;
- mtu anapigwa na stima anapogusa swichi, ukuta au bomba la maji;
- baadhi ya taa zinang'aa kupita kawaida au vifaa vinaungua ghafla. Huenda nyutro imekatika kwenye laini, na Kenya Power inafaa kuarifiwa haraka;
- maji ya mvua yanashuka kwenye dari yenye nyaya.

Moto wa stima hauzimwi kwa maji. Aliyeshikwa na stima hashikwi kwa mkono: stima izimwe kwanza, na isipowezekana asukumwe kwa mti mkavu au plastiki. Nambari za dharura ni 999 na 112. Huduma za zimamoto ni mojawapo ya majukumu ambayo Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti, lakini gari la zimamoto halifiki kabla ya makuti kushika.

Kazi ya nani?

Mwenye nyumba au mpangaji anaweza kubadilisha balbu, kuwasha breka iliyoruka, kubonyeza kitufe cha RCD na kutambua taa yenye hitilafu. Kufungua swichi, holda au kisanduku na kuvuta nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA). Kuomba kuona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza si kumvunjia fundi heshima.

Mpangaji anayeona swichi yenye joto au taa zinazocheza amwarifu mwenye ploti kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na aweke tarehe. Mwenye ploti naye ajue kwamba nyaya zilizo baada ya mita si za Kenya Power. Ni zake.

Fundi akifika, aelezwe yaliyoonekana: ni taa zipi zilizimika, mvua ilikuwa inanyesha au la, breka iliruka taa gani ilipowashwa. Maelezo hayo humpunguzia kazi ya kutafuta, na humpunguzia mwenye nyumba gharama. Akimaliza, aulizwe hitilafu ilikuwa nini na aonyeshe alichokitoa. Fundi aliyeweka breka kubwa zaidi bila kutaja chanzo bado hajamaliza kazi.