Mizani ya Nguo Imeshikwa na Nani?

Chuoni, maalim wetu hakuchoka kutuonya juu ya muuzaji apunjaye mizani. Siku hizi nguo nazo zina mizani yake, na onyo lile nalikumbuka.

Mama zetu hapa pwani hupima kanga kwa kuifikicha na kuiinua mwangani, waone uzito wake na kama rangi yachuja. Lakini imekula maji kiasi gani, na aliyeitengeneza amelipwa nini, hayo kidole hakiyajui.

Mwaka 2011 makampuni ya nguo yaliunda muungano wao, Sustainable Apparel Coalition, nao ukatoa mizani iitwayo Higg Index. Kila kitambaa kikapewa hesabu ya maji, ya kemikali na ya hewa inayoipasha dunia joto. La ajabu, poliesta, mtoto wa mafuta ya petroli, ikatokea bora kuliko hariri na sufu! Kumbe hesabu ilikoma kiwandani. Vijinyuzi vya plastiki vitokavyo nguo ifuliwapo, vikaishia baharini, havikutiwa. Juni 2022 mamlaka ya kulinda wanunuzi ya Norway ilisema kutangaza nguo kwa hesabu hizo ni kupotosha watu, na muungano ukasimamisha mpango wa kuwaonyesha wanunuzi.

Kumpima mtu ni kugumu zaidi. Huko Karachi, Pakistan, kiwanda cha Ali Enterprises kilipata Agosti 2012 cheti cha SA8000, cha usalama na haki za wafanyakazi. Tarehe 11 Septemba kikaungua, wakafa watu zaidi ya 250. Mwaka 2020 mahakama iliamua kuwa moto ulitiwa kusudi. Sawa, lakini milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma, mkaguzi hakuviona?

Ipo njia nyingine. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100. Mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi na makampuni vilitia sahihi mkataba wenye nguvu ya sheria, na ripoti za ukaguzi wa viwanda zikawekwa wazi. Hapo mizani ilishikwa na mikono miwili.

Basi, ndugu msomaji, ukiona shati limening'inizwa kikaratasi cha kijani, uliza nani aliyepima, nani aliyemlipa, na kama mshonaji naye aliulizwa.