Si kila samaki anayevutia hufaa kuishi na wenzake katika tangi

Na MWANDISHI WETU

ANAYEINGIA katika duka la samaki wa mapambo kwa mara ya kwanza aghalabu hutekwa na rangi. Huchagua mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, wa tatu mwenye mapezi marefu, kisha huwatia wote katika tangi moja la kioo sebuleni. Kabla ya majuma mawili kupita, baadhi yao wameelea juu ya maji wakiwa wafu, wengine wametafunwa mapezi na mmoja amenenepa kwa kuwameza wenzake.

Lawama hapo huelekezewa muuzaji, chakula au maji ya bomba. Hata hivyo, mara nyingi kiini cha maafa hayo ni kuwachanganya samaki wasioweza kupatana. Kabla ya kufungua mkoba, yapo mambo manne ambayo mnunuzi sharti ayachunguze: maji, joto, ukubwa na tabia.

Tuanze na maji. Istilahi 'samaki wa maji baridi' humaanisha tu samaki wasioishi katika maji ya chumvi. Haimaanishi kwamba maji yao yote ni sawa. Neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni mito ya bonde la Amazon ambako maji ni laini na yana asidi. Humfaa maji yenye kipimo cha pH kati ya 5 na 7. Mbuna wa Ziwa Malawi, kwa upande wao, wamezoea pH ya kati ya 7.7 na 8.6, na maji ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Gapi, plati na moli pia hupendelea maji yenye madini mengi. Kwa hivyo, ni busara kupima maji ya kwako kwanza, yawe ya bomba au ya kisima, kisha utafute samaki wanaoyafaa.

Pili ni joto. Neoni hustawi katika nyuzi 21 hadi 26 za sentigredi, ilhali samaki wa dhahabu hupendelea nyuzi 18 hadi 22. Anayeishi Nairobi atahitaji kifaa cha kupasha maji joto iwapo anafuga samaki wa nchi za joto, hasa baridi ya Juni na Julai inapobisha hodi. Mkazi wa Mombasa huenda asikihitaji, lakini huko samaki wa dhahabu hutaabika kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Isitoshe, samaki huyo hukua sana na kuchafua maji upesi. Heri akae na wa aina yake.

Ukubwa nao una kanuni moja isiyo na huruma: samaki wengi humeza chochote kinachoingia kinywani. Samaki malaika akiwa mchanga huogelea na neoni bila shida, lakini akishakomaa huwageuza kitoweo. Oskari huuzwa akiwa na urefu wa sentimita tano hivi, na mnunuzi asijue kwamba atafikisha sentimita 30 au zaidi. Kambare wa mito na maziwa yetu pia si wa tangi la sebuleni, maana huwinda usiku na anaweza kupita urefu wa mita moja. Usiulize samaki ana urefu gani leo, bali atakuwa na urefu gani akishakomaa.

Kuhusu tabia, wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Hivyo ndivyo walivyo beta wa kiume, ambao hupigana hadi kuumizana vibaya au kuuana. Wapo pia samaki wenye mistari kama ya punda milia, wajulikanao kama tiger barb, ambao hudonoa mapezi marefu ya wenzao. Neoni nao hawapendi upweke, na wakipungua sita huingiwa na hofu na kufifia rangi. Gapi wa kiume huwasumbua majike bila kukoma, hivyo kila dume apewe majike wawili au watatu.

Mbuna, licha ya rangi zao za kupendeza, hulinda miamba yao kwa ukali. Chakula chao ni miani inayoota juu ya mawe, na nyama nyingi huwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo. Wapewe tangi lao wenyewe lililojaa mawe.

Kwa anayeanza, tangi la lita 100 hivi lenye maji laini linaweza kuwatosha neoni 10 wanaoogelea katikati na koridora sita, kambare wadogo wapole wanaotafuta makombo chini. Mwenye maji yenye madini mengi achague gapi na plati.

Hata waliochaguliwa vyema wataangamia wakitiwa katika tangi jipya siku moja. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, na kisha nitrati isiyodhuru sana, huchukua majuma manne hadi sita kukomaa. Pima maji, anza na samaki wachache, na kila juma badilisha takriban robo ya maji kwa mengine yaliyoondolewa klorini.

Na ikitokea kwamba samaki fulani hafai? Mrudishe dukani au umpe mfugaji mwingine. Kamwe usimwachilie mtoni. Mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia kuangamiza mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani kwingine duniani. Kosa la tangini huua samaki wachache, lakini likifika mtoni au ziwani halirekebishiki.