Pombe ya Nyumbani Yahitaji Mwalimu, Siyo Mgambo Peke Yake

Msafiri atokaye Sumbawanga mjini kwenda Muze huteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Huiacha nyuma baridi ya uwanda wa Ufipa, ulio kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, akaingia katika joto la bonde la Ziwa Rukwa, ambalo kimo chake ni kama mita 800 tu. Hewa hubadilika, na mimea pia. Lakini juu na chini zipo nyumba ambamo ulezi huloweshwa, huoteshwa na kupikwa kuwa pombe. Baadhi ya wapishi hutafuta fedha za daftari na chumvi. Wengine hupika kwa kuupenda ufundi wenyewe na kwa furaha ya kuwakaribisha jirani.

Ndugu zetu wa visiwani, ambao wengi wao dini yao imewakataza kinywaji hiki, huenda wakauliza jambo hili lawahusu nini. Hatuwashawishi wakionje. Twawaomba wakumbuke tu kwamba hata huko minazi imegemwa tembo tangu zamani, na kwamba afya ya mwananchi ni jukumu la Serikali, anywe au asinywe.

Ulezi ni nafaka ya heshima katika Ufipa. Wafipa wamejulikana kwa kilimo cha matuta ya mviringo, ambamo majani hufukiwa yaoze kuwa mbolea, kisha matuta husambazwa na mbegu kupandwa. Kazi nzito ya namna hiyo ilihitaji mikono mingi, na desturi ilikuwa mwenye shamba kuwaalika majirani na kuwashukuru kwa mtungi wa pombe. Hivyo pombe ilikuwa ujira, karamu na kifungo cha ujirani, na kwa kawaida upishi wake ulikuwa mikononi mwa wanawake.

Ufundi huo una elimu ndani yake. Ulezi huloweshwa, ukafunikwa mpaka uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Mpishi hupika uji, huuacha upoe kiasi, kisha hutia kimea. Nguvu iliyo katika kimea huugeuza wanga wa uji kuwa sukari. Baadaye hamira huila sukari hiyo na kuzaa kileo na ile hewa itoayo povu. Akitia kimea uji ungali unachemka, nguvu hiyo hufa na pombe haiumuki. Naye mpishi wa Muze hujua kwamba pombe yake huiva upesi kuliko ya mwenzake wa Sumbawanga, kwa sababu joto la bonde huharakisha uchachu. Elimu hii mama humrithisha bintiye, bila kitabu.

Lakini liko jambo ambalo urithi peke yake hautoshi kulifundisha. Mwezi wa Januari 2015, katika eneo la Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulisema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha vingine: unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika, na vijidudu vilivyokua ndani yake vilitoa sumu isiyokufa kwa moto. Mwaka uliofuata, 2016, hapa kwetu Tanzania, sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao hawakuuawa na pombe, bali na chakula. Lakini funzo ni lile lile. Hapana budi tuiache dhana kwamba mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa ugali, yanafaa kwa pombe. Kuchemsha hakuiondoi sumukuvu, wala uchachu hauitoshi.

Pamoja na nafaka, yapo maji na vyombo. Pombe ikizimuliwa kwa maji mabichi ya mto, na kata moja ikazunguka vinywa ishirini, kipindupindu hupata njia. Pipa lililobeba dawa ya wadudu wa shambani lisitumiwe kamwe, hata lioshwe mara ngapi.

Viongozi wengi wamezoea kulikabili jambo hili kwa msako. Hatupingi sheria. Gongo, ambayo hupatikana kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ilidhibitiwa kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, nayo ina hatari zake. Lakini kumwaga mtungi wa ulezi kana kwamba ni gongo ni kuchanganya mambo mawili. Uingereza iliondoa leseni kwa wanaojitengenezea bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ikawaruhusu wake kwa sheria ya mwaka 1978. Nchi hizo hazikuruhusu ulevi. Zilitenganisha mtengenezaji wa nyumbani na mfanyabiashara.

Tunashauri, basi, kwamba Bwana Afya na Bibi Maendeleo wa kata wawakusanye wapishi na kuwafundisha mambo manne: kuchambua nafaka, kuanika kimea juu ya turubai badala ya udongo, kuchemsha maji, na kuosha vyombo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeneza moja. Nao wapishi watimize wajibu wao: wasiwauzie watoto, wasiuze bila leseni, wala wasimalize ghala la chakula kwa ajili ya mtungi.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nasi hatumwombei mpishi wa Muze sifa za kumlevya. Twamwombea mafunzo, kwani mpishi akifukuzwa hujificha porini, na pombe ya mafichoni hakuna afisa awezaye kuikagua.