Deni Lililoandikwa Kimakosa



Ndugu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, nayo inazungumzia kuandikiana madeni. Wengi wetu tunaikumbuka kwa amri ya kuandika na kuweka mashahidi. Lakini ndani yake mna jambo tunalolipita haraka: anayeamrishwa kumtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye kudaiwa. Na ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka mwenyewe, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Mwandishi naye ameamrishwa aandike kwa haki.

Tumelikumbuka hili kwa kuwa siku hizi madeni yetu huandikwa mahali tusipopaona. Nchini Kenya, benki hupeleka taarifa za wakopaji kwa mashirika ya kuhifadhi kumbukumbu za mikopo, maarufu kwa jina la CRB. La kwanza lilipewa leseni mwaka 2010. Mkopeshaji anaandika, na mdaiwa hayupo. Anapokuja kujua, huwa amekwisha kunyimwa mkopo wa duka, au kijana wake ameambiwa alete cheti cha CRB pamoja na barua ya kuomba kazi, na jina likakutwa lina doa.

Asije mtu akasema hii ni habari ya wala riba. Uharamu wa riba hatuujadili hapa. Lakini benki zinazofuata sharia nazo hupeleka taarifa za wateja wao, na aliyenunua gari kwa murabaha yumo katika daftari lilelile.

Makosa yenyewe ni ya namna nyingi. Deni lililokwisha kulipwa laendelea kuonyeshwa kuwa halijalipwa. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, deni la mtu humwangukia mwingine. Na majina yetu je? Akina Ali Mohamed Salim katika mtaa mmoja ni wangapi? Kuna pia mama anayedaiwa mkopo wa simu asioujua, kumbe mwanawe ndiye aliyekopa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Hilo si kosa la mwandishi. Ni amana iliyovunjwa nyumbani, na huko ndiko lianzie kutatuliwa.

Huko Marekani, wenye sheria ya jambo hili tangu mwaka 1970, uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwaka 2013 ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya watano ana kosa katika angalau moja ya taarifa zake tatu. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba sisi tumesalimika.

Kanuni za Kenya zinampa kila mtu haki ya kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Aiombe kwa kila shirika, kwani kosa laweza kuwamo katika daftari moja na lisiwemo katika jingine. Akilikuta, aliandikie shirika, ataje deni lipi na kosa lipi, na aambatanishe nakala ya kitambulisho, risiti, ujumbe wa malipo ya simu, au barua ya benki inayokiri kuwa deni limekwisha. Nakala nyingine ampelekee mkopeshaji, maana shirika halikushuhudia mkopo ule. Litarudi kumuuliza aliyeleta habari. Asitoe barua bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tena mkopeshaji anatakiwa kumjulisha mteja siku 30 kabla ya kupeleka jina lake, na tangu mwaka 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halifai kumtia mtu katika orodha ya wasiolipa. Yakikiukwa hayo, nayo yaandikwe katika malalamiko.

Hata hivyo tusidhulumu upande wa pili. Aliyechelewa kweli kisha akalipa, hakukosewa anapoona habari ile ingalipo; hubaki miaka 5 tangu kulipa. Anachostahiki ni iandikwe wazi kwamba amelipa. Ama yule mwenye uwezo anayechelewesha deni kwa makusudi, kisha akaliita kosa la kompyuta, Mtume (S.A.W.) amekwisha kutufundisha kuwa uchelewaji huo ni dhulma.

Wapo wazee wetu wasiojua kusoma, na wajane walioachiwa karatasi za marehemu. Hao ndio waliotajiwa msimamizi katika aya. Mwana aliyesoma akae na mzazi wake, amsomee taarifa mstari kwa mstari, amwulize kila deni kama analijua, ndipo amwandikie barua. Shirika likijibu kuwa limesahihisha, aombe taarifa mpya aione kwa macho yake kabla ya mzee kurudishwa kwenye foleni ya benki.