Roboti za kutunza wazee: Mahitaji makubwa, mnunuzi hana fedha

JAPANI, ambako takriban watu 29 katika kila 100 wana umri wa miaka 65 au zaidi, ina uhaba wa wahudumu katika nyumba za wazee. Hata hivyo, uhaba huo haujawahakikishia faida watengenezaji wa roboti. SoftBank ilisitisha kutengeneza Pepper mwaka 2020. Paro, roboti yenye umbo la sili inayowaliwaza wazee, iliingia sokoni mwaka 2005, lakini Marekani imeuzwa kwa karibu dola 6,000.

Nyumba hizo hutegemea bima ya matunzo iliyoanza mwaka 2000, na viwango vya malipo hupangwa na Serikali. Hivyo haziwezi kumtwisha mteja gharama ya mashine kwa kupandisha ada. Mwekezaji apime mfuko wa mnunuzi kabla ya kuhesabu wazee.