Kabla ya Kuvuka Lamu, Lala Mvita

Kuanzia saa tatu asubuhi, magari ya hoteli za Nyali, Bamburi na Diani huanza kujipanga mbele ya Ngome ya Yesu. Wageni hushuka, hukata tiketi, husimuliwa habari za Wareno na Waomani, hupiga picha kando ya mizinga, kisha hupitishwa Ndia Kuu kununua kikoi na viungo. Adhana ya adhuhuri ikilia, wengi wao wamesharudi garini. Kesho ni Wasini, keshokutwa ndege ya Lamu, na wiki haijaisha wako Unguja. Kwenye hesabu yao wamezuru visiwa vinne, na Mombasa ni kimoja kati ya hivyo.

Kila msimu wa likizo, jamaa wa Nairobi, Nakuru na hata wa ng'ambo huuliza siku ngapi zinatosha kuzunguka visiwa vya pwani yetu. Huuliza wakiwa wameshaandika orodha ya visiwa, wanachotaka ni kugawiwa siku tu. Mimi nawasihi wageuze hesabu: wapange usiku kwanza, visiwa vifuate. Na usiku wa mwanzo, angalau mitatu, uwe Mvita, yaani Mji wa Kale wa Mombasa.

Zamani aliyeamua muda wa kukaa alikuwa upepo. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakileta tende, papa mkavu na mazulia. Kusi ilipoanza kuvuma mnamo Aprili, yalipandisha tanga kurudi makwao yamesheheni boriti za mikoko. Katikati hapo mabaharia walikaa wiki hata miezi, wakaswali na wenyeji, wakakopeshana, wengine wakaoa. Alan Villiers, mwandishi na baharia wa Australia, alifunga safari hiyo kwa jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akapita Lamu, Mombasa na Unguja. Mji huu ulijengwa na watu waliolazimika kungoja, na ndiyo maana mgeni mwenye haraka haumfungukii.

Kuna atakayenijibu kwamba msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, kisha akaendelea na safari ya Kilwa. Ni kweli. Lakini tazama alichoondoka nacho: kwamba chakula kikubwa cha watu kilikuwa ndizi na samaki, kwamba nafaka ililetwa kutoka bara, kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye milango yake pana visima ambapo watu huosha miguu kabla ya kuingia. Hayo ni mambo ya mtu aliyelala mjini, akaenda msikitini na wenyeji, akala walichokula. Leo ukisimama mbele ya Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, utaona kisima ng'ambo ya njia. Wageni wa asubuhi hupiga picha mnara, wakakipa kisima mgongo.

Ngome yenyewe inataka zaidi ya saa mbili. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hayo kila mwongozaji atakwambia. Ila ukirudi siku ya pili peke yako, tuseme saa tisa alasiri makundi yakiwa yameondoka, nenda taratibu ukaangalie michoro waliyoiacha askari wa Kireno ukutani, kwa makaa na udongo mwekundu. Wamechora meli, makanisa, watu. Mikono mingine ilikuwa hodari, mingine ya mtu asiyewahi kuchora, na meli zimerudiwa tena na tena, za kila ukubwa. Ni kazi ya watu walio mbali na kwao wanaotazama bahari siku nzima. Mimi kila nikiiona naisoma hivyo, na sijui namna ya kuifikia hali hiyo ukiwa umepewa dakika tano na kundi la watu thelathini nyuma yako.

Waliozingirwa humo na Waomani walikaa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwamaliza kuliko risasi, na meli za msaada kutoka Goa zilifika siku chache baada ya ngome kuanguka. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Kuta hizi zimeshuhudia watu waliohesabu siku kwa uchungu, na si haki kuzipita mbiombio.

Halafu kuna mji nje ya lango. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, ndipo mahamri na mbaazi hupatikana yakiwa moto. Mchana vichochoro hulala. Baada ya alasiri milango hufunguka, wazee hukaa barazani, muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe, viazi vya karai na mishikaki huanza kunukia. Mgeni aliyekuja saa tatu na kuondoka saa sita ameuona mji katika saa zake za uvivu. Mwezi wa Ramadhani tofauti hiyo huwa kubwa zaidi: mchana migahawa imefungwa, na baada ya futari na tarawehe mji unakesha.

Pana suala la riziki pia, na naliona zito. Anayekuja na gari la hoteli na kuondoka nalo huacha mjini bei ya tiketi na labda kikoi kimoja. Anayelala hununua chai, chakula cha jioni, maji, nauli ya tuktuk, nguo kwa fundi, na kesho yake humrudia yule yule muuza madafu. Nyumba za kale za Mji wa Kale, zenye roshani za mbao zinazooza kwa chumvi, hazitatengenezwa na watu wa kupiga picha kutoka barabarani. Atakayewapa wenyewe sababu ya kuzitengeneza ni mgeni anayelipa kulala ndani yake.

Ukimaliza Mvita ndipo upange kuvuka, na hapo bwana mipango ni maji. Wasini, ng'ambo ya Shimoni, watu wengi huifanya safari ya siku moja: kuona pomboo, kuzamia matumbawe ya Kisite, kula kaa, kurudi. Ukilala usiku mmoja utapata wasaa wa kutembea kijijini na kwenye bustani ya matumbawe ya kale, ambako wanawake wa kisiwa wametengeneza njia ya mbao.

Lamu usiipe chini ya usiku minne. Kwa barabara, kupitia Malindi, Garsen na Mokowe, siku ya kwenda na siku ya kurudi zimekwisha njiani. Kisha Takwa, ule mji wa magofu kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na mashua huingia maji yakijaa na lazima itoke kabla hayajapwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini. Maji mafu yakikukuta, nahodha anaweza kukuambia ungoje. Mwenye siku mbili hawezi kungoja. Na ukitaka Maulidi ya Lamu, tazama Mfunguo Sita kwenye kalenda kabla ya kutazama bei ya ndege.

Kwa hiyo mwenye siku kumi: usiku mitatu Mvita, mmoja Wasini, minne Lamu, na zinazobaki ni za njiani. Mwenye wiki moja aache Wasini au aache Lamu. Mwenye siku nne tu, na hao ndio wengi wetu wenye kazi na watoto wa shule, akae Mombasa zote nne, Lamu aiwekee mwaka mwingine. Unguja hali kadhalika. Na anayekuja kati ya Juni na Agosti, kusi ikiwa kali, aongeze siku moja isiyo na shughuli upande wa Shimoni, kwa sababu mashua za Kisite zikizuiwa na mawimbi leo, huenda kesho zikatoka.