Noti Ni Ahadi: Somo la Neno Schein

Kila likizo swali ni lilelile: "Mbona elfu yangu inakataliwa?" Disemba iliyopita dada yetu mmoja anayeishi Ujerumani alitoa noti nne za elfu moja kwenye kaunta ya benki mjini Nakuru. Karani aliona sura ya Mzee Kenyatta, akazirudisha bila hata kuzihesabu.

Dada huyu hakuwa mzembe. Ameyazoea ya Ujerumani. Huko noti huitwa Geldschein. Geld ni pesa; Schein limetokana na scheinen, yaani kung'aa au kuonekana. Katika lugha ya sheria likaja kumaanisha ushahidi unaoonekana kwa macho, kisha hati. Ndiyo maana leseni ya udereva ni Führerschein na cheti cha ndoa ni Trauschein. Noti nayo ni hati ya ahadi ya aliyeitoa. Na Wajerumani huitimiza: noti za maki, zilizoiachia yuro nafasi mwaka 2002, benki kuu yao, Bundesbank, huzibadilisha hadi leo bila kikomo, maki 1.95583 kwa yuro moja.

Hapo ndipo tunaponaswa, tukidhani kila noti ina ahadi ya namna hiyo. Tarehe 1 Juni 2019, kwenye sherehe za Madaraka kule Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba mwisho wa elfu za zamani ni 30 Septemba. Miezi minne tu! Aliye Nakuru alihitaji nauli ya matatu. Aliye Hamburg alihitaji tiketi ya ndege. Shabaha ilikuwa pesa haramu, na hilo ni jema. Lakini haki gani hii inayompa mfanyakazi wa mbali muda uleule wa jirani wa benki? Noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi.

Jueni pia: iliyofutwa ni elfu peke yake. Hamsini, mia, mia mbili na mia tano za zamani hazikufutwa, kwa hiyo msizitupe.

Na anayekuahidi kukubadilishia elfu za zamani kwa ada, mkimbie. Schein humaanisha pia sura ya nje inayodanganya. Ndoa ya bandia huitwa Scheinehe.

Ndugu, kabla ya kupanda ndege kurudi kazini, shilingi zilizobaki ziwekeni benki au kwenye simu. Msizifungie kwenye droo.